Tumbo Limejaa Gesi? Liangalie Asubuhi Kwanza

Huku Kanda ya Ziwa hatuna njaa ya ushauri. Mtu akisema tumbo limemjaa, mmoja anamtajia tangawizi, wa pili magadi, wa tatu anamwambia hiyo ni taifodi, akapime. Huenda kila mmoja alisaidika kweli na hicho anachokitaja, na bado huyu wa leo kisimsaidie, kwa sababu matumbo hujaa kwa sababu tofauti. Kabla hujachemsha chochote, fanya uchunguzi mdogo usio na gharama.

Azima utepe wa fundi cherehani. Asubuhi, ukishatoka chooni na kabla ya chai, jipime usawa wa kitovu ukiwa umesimama na unapumua kawaida. Usiku kabla ya kulala jipime tena palepale. Andika namba zote mbili, na uendelee hivyo kwa wiki moja. Tumbo la gesi hupanda na kushuka: asubuhi liko chini, jioni limepanda, kesho yake asubuhi limerudi lilipokuwa. Tumbo ambalo asubuhi liko vilevile lilivyolala, na kila wiki utepe unasogea mbele, hilo halikujazwa na maharage. Mwenye tumbo hilo aruke mambo ya jikoni, aende moja kwa moja kwenye sehemu ya tumbo lisiloshuka. Asiye na utepe atumie mkanda wa suruali. Tundu la mkanda linatosha kusema.

Jambo la pili la kuandika ni muda. Tangu ulipokula hadi tumbo lilipoanza kukaza, zilipita dakika au saa? Jibu hilo peke yake linaondoa nusu ya dhana.

Gesi yenyewe si ugonjwa. Mtu mzima mwenye afya hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na kujamba mara 10 hadi 20 kwa siku ni jambo la kawaida. Wengi tumelelewa kubana, na mbele ya wakwe mtu hana budi. Lakini gesi iliyobanwa haipotei, inabaki ikinyoosha utumbo na kuuma. Toka nje kidogo, zunguka nyumba, urudi.

Linajaa ukiwa bado unakula, au muda mfupi baada ya kunawa mikono

Chakula hakijapata muda wa kuchachuka, kwa hiyo hiyo si gesi ya maharage. Ni hewa uliyoimeza, au ni wingi wa chakula chenyewe. Dalili yake ni kubeua mara kwa mara, na kila ukibeua unapata nafuu kidogo.

Hewa humezwa na anayekula haraka, anayekula huku anabishana mpira, anayetafuna bigijii mchana kutwa, anayevuta sigara, na mwenye meno ya bandia yanayocheza. Soda ni gesi tupu iliyofungiwa ndani ya chupa. Chupa moja baridi juu ya sahani ya ugali, nawe unajua matokeo. Wapo wanaokunywa soda makusudi ili wabeue, wakidhani imetoa gesi ya tumboni. Kilichotoka ni kile walichokiingiza sasa hivi.

Kisa kingine ni cha wale wanaokula mara moja. Dereva wa bodaboda wa Buzuruga au Igoma, hapa Mwanza, hunywa chai na chapati alfajiri, akishinda barabarani, halafu saa tatu usiku analipa deni lote kwa mlima mmoja wa ugali. Mvuvi wa dagaa naye hugeuza siku, maana kazi yake ni usiku wa giza. Tumbo lililokaa tupu siku nzima likijazwa kwa mkupuo lazima likaze. Dawa hapa haiko kwenye sufuria ya majani. Gawa chakula kilekile mara tatu, hata kama katikati ni ndizi mbili na karanga kidogo, na cha usiku kiliwe walau saa mbili au tatu kabla ya kulala.

Watu humsingizia samaki. Sato na sangara hawana wanga wala nyuzinyuzi, kwa hiyo bakteria wa utumbo hawapati humo cha kuchachusha. Tatizo likiwepo liko kwenye mafuta. Samaki aliyekaangwa akazama kwenye mafuta, au supu ya sangara yenye utandu mnene juu, huchelewesha chakula kutoka tumboni kwenda kwenye utumbo, na mtu akabaki na uzito chini ya mbavu hadi usiku wa manane. Mchemshe au mchome samaki huyohuyo kwa wiki moja uone tofauti. Na anayekula dagaa au samaki wa chumvi kila siku ajue kwamba chumvi nyingi hushika maji mwilini, nayo humfanya mtu ajione amejaa.

Linajaa saa tatu, nne au zaidi baada ya kula, linanguruma, na gesi inatoka chini

Hapa ndipo walipo wengi wetu, na sababu kubwa ni vyakula tunavyovipenda.

Maharage yana sukari ambazo mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja: rafinosi na stakiosi. Zinapita tumboni na kwenye utumbo mwembamba zikiwa nzima, zinafika kwenye utumbo mpana, na bakteria wa huko wanazisherehekea. Matokeo ya sherehe hiyo ni hewa. Kwa hiyo aliyekula maharage saa saba mchana huanza kulalamika magharibi, na hamkumbuki tena mgeni wake wa mchana. Anailaumu chai aliyokunywa saa kumi na moja.

Uzuri ni kwamba sukari hizo huyeyuka kwenye maji. Chambua maharage, yaoshe, yaloweke usiku kucha, saa nane hadi kumi na mbili, kwenye maji mengi kuliko unavyodhani yanatosha. Asubuhi mwaga maji hayo. Usiyapikie, hata kama yamekuwa mekundu ya kuvutia. Suuza, weka maji mapya, chemsha kama dakika kumi, mwaga tena, kisha weka maji mengine ya kupikia hadi yaive kabisa. Kuna atakayesema ladha inapotea. Inapungua kidogo, ni kweli, na kitunguu, nyanya na karanga ya kusaga vinairudisha. Mama lishe wengi hawaloweki kwa sababu ya haraka, ilhali maharage yaliyolowekwa huiva upesi na kuokoa mkaa. Mkaa pekee ungetosha kuwashawishi.

Magadi ni hadithi nyingine. Ni kweli yanalainisha maharage upesi. Lakini yanaharibu vitamini B1 iliyomo, na baadhi ya magadi yanayochimbwa kaskazini mwa nchi yetu yana floridi nyingi, ileile inayochafua meno ya watoto. Kama maharage yamelowekwa, huna haja nayo.

Usiache maharage kabisa. Ni nyama ya wengi wetu, na utumbo huyazoea: ukianza na vijiko vichache kila siku ukaongeza polepole kwa wiki kadhaa, gesi hupungua yenyewe. Anayekula maharage mara moja kwa mwezi ndiye anayeteseka zaidi kuliko mwanafunzi wa bweni anayeyala kila siku. Tumbo likiwa jepesi kukasirika, anza na choroko; kwa watu wengi hazina fujo kama maharage makavu.

Viazi vitamu navyo vimo. Michembe na matobolwa ni viazi vilevile vilivyokaushwa, maji yametoka, wanga na sukari vimebaki. Bakuli moja la michembe lina viazi vingi kuliko macho yanavyoona. Kula kidogo, vitafune vizuri, na usivifuatishe na soda. Kabichi, vitunguu vingi, na ngano ya chapati na maandazi huingia katika kundi hilihili. Mtu anaweza kukaa vizuri na kimoja kimoja, lakini chapati mbili kwa maharage yaliyoungwa kwa vitunguu vitatu na kachumbari ya kabichi pembeni ni mkutano wa hadhara.

Kiporo kinastahili neno lake. Ugali, wali au viazi vilivyopoa hubadilika: sehemu ya wanga hukaza, ikawa ngumu kumeng'enywa, na kuipasha moto hakuirudishi yote. Sehemu hiyo nayo huishia kwa bakteria wa utumbo mpana. Kwa mwenye sukari hilo lina faida yake, lakini kwa mwenye gesi ni kuni juu ya moto. Wali uliolala nje kwenye joto la Mwanza una hatari zaidi ya gesi, kwani unaweza kuota vijidudu vya kumtapisha na kumharisha mtu, na kupasha moto hakuondoi sumu yao.

Msimu wa maembe, tazama maembe. Tunda moja baada ya mlo halina neno. Ndoo ya maembe mnayoizunguka alasiri nzima ina sukari ya matunda nyingi kuliko utumbo unavyoweza kufyonza, na inayobaki inachachuka. Tikiti maji nalo lina tabia hiyo.

Kumpata mkosaji, ondoa chakula kimoja tu kwa wiki mbili, kisha kirudishe. Ukiondoa vitano kwa pamoja tumbo litatulia, nawe hutajua ni kipi, utabaki unaviogopa vyote.

Linajaa ndani ya saa moja au mbili baada ya maziwa

Likifuatana na kuharisha au mnguruma, shuku sukari ya maziwa. Watu wazima wengi wa Afrika hupungukiwa na kimeng'enya cha kuivunja kadiri umri unavyokwenda, hata walioachishwa ziwa wakahamia kwenye maziwa ya ng'ombe. Jaribu maziwa mgando badala ya maziwa ya kawaida yaliyochemshwa: bakteria wa mgando wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo, na wengine wanaendelea kukusaidia wakiwa tumboni. Chai ya maziwa ya kikombe kidogo pamoja na chakula huvumilika kuliko nusu lita peke yake.

Limejaa muda wote, na choo ni kigumu au hakipatikani kwa siku kadhaa

Hapa gesi ni matokeo. Njia imezibwa na kinyesi kilichokauka, kwa hiyo hewa inayotengenezwa nyuma yake haina pa kupita. Unaweza kunywa tangawizi hadi ukauke koo. Mpaka choo kipatikane, tumbo halitashuka.

Badilisha sembe kwa dona walau mara moja kwa siku. Mlenda na bamia huteleza na kulainisha. Papai bivu asubuhi hufanya kazi nzuri. Kunywa maji kwa vipindi siku nzima. Kuna watu ambao kinywaji chao chote hadi jioni ni vikombe viwili vya chai. Haja ikikuita, nenda, hata kama foleni ya wateja ni ndefu, kwani ukiikatalia mara kwa mara utumbo huacha kuita. Mwenye choo cha kukaa aweke kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu ya usawa wa nyonga, maana utumbo wa mwisho hunyooka vizuri mtu akichuchumaa. Choo cha shimo cha bibi kilikuwa na akili yake.

Nyuzinyuzi zisiongezwe kwa pupa. Aliyekuwa anakula sembe na nyama, ghafla akaanza dona, kabichi na maharage siku moja, atavimba mara mbili.

Angalia pia dawa unazomeza. Vidonge vya madini chuma wanavyopewa wajawazito kliniki hufunga choo kwa baadhi yao. Metformini ya kisukari hujaza gesi, hasa wiki za mwanzo, na kuimeza pamoja na chakula hupunguza. Usiziache bila kuongea na aliyekuandikia.

Sanamaki na zile dawa za "kusafisha tumbo" huleta choo kwa kulilazimisha tumbo kujikunja, na maumivu na gesi huongezeka kabla ya nafuu. Zikizoeleka, utumbo huzitegemea. Kumwingizia mtoto dawa za majani kwa njia ya haja kubwa usifanye kabisa. Watoto wamekufa kwa hilo.

Gesi inanuka mayai mabovu, choo ni laini, kina mafuta na kinaelea

Ikianza wiki moja au mbili baada ya kunywa maji ya ziwa au ya kisima kisichofunikwa, kuna uwezekano wa jiadia, mdudu mdogo wa utumbo. Huyu haondoki kwa mchaichai. Pima choo zahanati, upewe dawa yake. Nyumbani kazi yako ni maji: yachemke yakitokota kabisa walau dakika moja, yapoe kwenye chombo kilichofunikwa, na kikombe cha kuchotea kisiwe cha kila mkono. Kwenye mitumbwi, ambako maji ya kunywa huchotwa pembeni mwa boti, bebeni dumu la maji yaliyochemshwa kutoka nchi kavu.

Nikiwa hapo, niseme la taifodi. Mtu akienda na tumbo lililojaa na uchovu kidogo, mara nyingi hutoka na majibu ya taifodi kutokana na kipimo cha damu kiitwacho Widali. Kipimo hicho hutoa majibu ya uongo mara nyingi, hasa mahali ambapo watu wamewahi kukutana na vijidudu vya jamii hiyo. Taifodi halisi huja na homa inayodumu siku nyingi. Tumbo linalojaa kila ukila chapati, bila homa, halihitaji antibayotiki. Antibayotiki zenyewe huvuruga bakteria wazuri na kuongeza gesi.

Limejaa juu tu, kwenye chembe ya moyo, unashiba kwa matonge machache

Likija na kuungua, kichefuchefu au maumivu yanayokuamsha usiku, fikiria vidonda vya tumbo au bakteria anayevisababisha, ambaye hupimwa kwa choo au kwa pumzi, na kwenye hospitali kubwa kama Bugando kwa kamera. Dawa za maumivu aina ya diklofenaki na aspirini zinazomezwa kwa ajili ya mgongo baada ya kazi nzito huchubua tumbo hilohilo. Mwenye hali hii asikimbilie tangawizi kali wala minti: minti hulegeza mlango wa juu wa tumbo, kiungulia kikazidi.

Ni usiku, limekaza, unataka nafuu sasa

Anza na mwili kabla ya jiko. Tembea. Dakika kumi hadi kumi na tano za mwendo wa kawaida uani husogeza gesi kuliko chai yoyote ninayoijua, na kulala chali mara tu baada ya kula ndiko kunakoifungia gesi ndani.

Kisha tandika mkeka. Lala chali, kunja goti la kulia ulivute kifuani kwa mikono, hesabu pumzi tano za taratibu, badilisha la kushoto, halafu yote mawili pamoja. Ikigoma, piga magoti, weka kifua na shavu kwenye mkeka, makalio juu. Si mkao wa kuonyesha wageni, ila gesi hupanda juu, na hapo juu kwa wakati huo ndipo njia ilipo.

Kusugua tumbo kuna upande wake. Utumbo mpana huanza chini kulia, unapanda hadi chini ya mbavu, unavuka kwenda kushoto, unashuka. Paka mafuta kidogo, fuata njia hiyo kwa vidole vya mkono mzima, taratibu, kama dakika tano. Ukisugua kinyume unairudisha gesi ilikotoka. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitambaa na kuwekwa juu ya kitovu hulegeza misuli. Isiwe ya kuunguza. Mama mjamzito aachane na kusugua na kulala kifudifudi. Kutembea na kula kidogo kidogo kunamtosha.

Ndipo tuje jikoni. Tangawizi mbichi ya ukubwa wa kidole gumba, iponde, ichemshe dakika kumi kwa vikombe viwili vya maji, kunywa kikombe kimoja ikiwa vuguvugu. Husaidia tumbo kusukuma chakula mbele, kwa hiyo inafaa zaidi kwa yule wa uzito baada ya mlo kuliko kwa gesi ya maharage iliyokwisha kufika chini. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiinywe kwa wingi. Bizari nyembamba, nusu kijiko cha chai kwa kikombe cha maji yaliyochemka, iachwe ifunikwe dakika kumi, ni ya zamani na wengi wanaiamini kwa gesi ya chini. Majani ya minti vilevile, kwa asiye na kiungulia. Mchaichai una harufu tamu. Sehemu kubwa ya nafuu yake naiona ni maji ya moto na kule kukaa chini ukapumzika, na sioni kosa katika hilo. Sukari usiijaze.

Magadi au soda ya kupikia kwenye glasi ya maji siyashauri. Yakikutana na asidi ya tumbo yanatengeneza gesi mpya papo hapo, mtu anabeua kwa nguvu, anafurahi. Ndani yake kuna sodiamu nyingi, na mwenye shinikizo la damu, moyo au figo anajiumiza. Kwa aliyeshiba kupita kiasi ni hatari kubwa zaidi: wapo watu duniani ambao tumbo lilipasuka.

Halishuki asubuhi

Rudi kwenye namba zako. Kama asubuhi na jioni zinalingana na kila wiki zinapanda, uko kwenye ukurasa mwingine.

Kwa mtu wa mwambao wa ziwa, kitu cha kwanza kukifikiria ni kichocho cha tumbo. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya ufukweni, huelea majini na kupenya ngozi ndani ya dakika chache, iwe ni mvuvi anayesukuma mtumbwi, mama anayefua, au watoto wanaoogelea. Minyoo mikubwa huishi kwenye mishipa ya damu ya utumbo kwa miaka. Mayai yake mengine hutoka na choo, mengine hukwama kwenye ini na kuacha makovu. Damu inayopita kwenye ini hukosa njia, inarudi nyuma, bandama inavimba, na baadaye maji hujaa tumboni. Mishipa ya koo la chakula nayo hutanuka, ikipasuka mtu hutapika damu. Yote haya huja polepole, ndiyo maana mtu anaweza kukaa mwaka mzima akinywa majani ya gesi huku ini likiendelea kuharibika.

Tofauti unaweza kuiona nyumbani. Gonga tumbo kwa kidole: lenye gesi hulia kama ngoma, lenye maji hutoa mlio mzito pembeni. Ukilala chali, la maji hutanuka ubavuni na kitovu husukumwa nje. Miguu inaweza kuvimba, ukikandamiza kidole kwenye muundi shimo linabaki. Bandama iliyovimba huleta uzito au kitu kigumu chini ya mbavu za kushoto. Usimruhusu mtu yeyote aikande, hupasuka.

Kipimo ni cha choo. Dawa ni prazikwanteli, hupimwa kwa uzito wa mgonjwa, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo, humezwa baada ya kula. Shuleni watoto hupewa katika kampeni. Watu wazima wanaoshinda majini mara nyingi husahauliwa, kwa hiyo jipeleke. Na ukirudi kwenye maji yaleyale unaambukizwa upya. Maji ya kuogea yaliyochotwa ziwani yakakaa kwenye pipa lililofunikwa siku mbili, bila konokono, vijidudu hivyo huwa vimekufa.

Si kichocho pekee. Homa ya ini na magonjwa ya moyo na figo huweza kujaza maji. Mwanamke, hasa aliyevuka miaka 50, ambaye tumbo linajaa karibu kila siku kwa wiki tatu au zaidi, anashiba haraka na anakojoa mara kwa mara, apimwe ovari, asiambiwe ni gesi ya uzee. Mwanamke wa umri wa kuzaa anayevimba wiki moja kabla ya hedhi na kushuka ikianza hana ugonjwa. Akikosa hedhi, apime mimba kwanza. Mtoto mwenye tumbo kubwa na mikono myembamba anahitaji kupimwa lishe, minyoo na malaria, siyo maji ya tangawizi.

Usiku huohuo, usisubiri kukuche

Maumivu makali ya ghafla, tumbo gumu kama ubao lisilotaka kuguswa, kutapika kusikokoma, hasa matapishi ya kijani au yenye harufu ya kinyesi, kushindwa kabisa kutoa choo na hata gesi, ngiri iliyotoka ikawa ngumu na kukataa kurudi, kutapika damu, choo cheusi kama lami, macho ya njano pamoja na kuchanganyikiwa. Mtu huyo asipewe chakula, chai wala dawa ya kumharisha. Utumbo uliojinyonga hauponi kwa kuendeshwa, unapasuka, na anaweza kuhitaji kufanyiwa upasuaji kabla ya alfajiri.

Wa mjini atafika hospitali ya Sekou Toure au Bugando kwa teksi. Wa Ukerewe na visiwa vidogo ana hesabu nyingine, kwa kuwa kivuko hakimsubiri na mtumbwi wa usiku una hatari zake. Kwa hiyo dalili ya kwanza kati ya hizo ikionekana mchana, mpelekeni kituo cha afya cha kisiwani mara moja, waeleze tumbo lilianza saa ngapi na gesi ilitoka mara ya mwisho lini, na muulize palepale kama ahamishwe kwa boti iliyopo sasa.